Siku za Simu, Miaka ya Udongo: Utangulizi

Anayetaka kuijua taaluma ya ushauri wa kilimo kwa simu asianzie kwenye chumba cha kompyuta. Aanzie mahali kama Mpemba, na ikiwezekana afike mwezi wa Oktoba au Novemba, kabla mvua hazijakaa sawa. Mpemba ni kata ya Halmashauri ya Mji wa Tunduma, mkoani Songwe, kandokando ya barabara kuu iendayo Zambia. Hapo ndipo inapochepuka barabara ya Isongole wilayani Ileje. Malori yanapita usiku na mchana yakielekea mpakani. Ukiacha barabara ukaingia ndani kidogo, unakuta mashamba ya mahindi na maharage, na kila shamba lina mtu anayetakiwa kuamua mambo mengi ndani ya wiki mbili tatu: achome mabua ya mwaka jana au ayaache, apande mbegu ya dukani au aliyojiwekea, mvua ya kwanza aiamini au asubiri ya pili, hela iliyobaki inunue mbolea ya kupandia au iwekwe kwa ajili ya sare za shule za Januari.

Mtu huyo ana simu mfukoni. Swali la taaluma hii, ukiliondolea mapambo yote, ni kama simu hiyo inaweza kumsaidia aamue vizuri zaidi, na kama maamuzi hayo, msimu hata msimu, yatauacha udongo na nguvu kuliko alivyoukuta. Nusu ya kwanza ya swali imeanza kupata majibu. Nusu ya pili bado, na ndiyo inayonifanya nikukaribishe huku kwa hamu, kwa sababu kazi iliyobaki ni nyingi na ya kuvutia.

Simu imerithi kazi ya wengine, na mgeni asipowajua hao waliotangulia atadhani kila kitu kimeanza jana. Kabla yake kulikuwa na bwana shamba na baiskeli. Katika miaka ya 1970 na 1980 Benki ya Dunia, kwa mawazo ya Daniel Benor, ilieneza mfumo wa mafunzo na matembezi: afisa anafundishwa mara kwa mara, kisha anawatembelea kwa ratiba wakulima wachache waliochaguliwa, nao wanatarajiwa kuwaambia wenzao. Tanzania iliufuata mwishoni mwa miaka ya 1980. Ulikuwa mfumo wa gharama, ulishuka kutoka juu kwenda chini, na waliochaguliwa mara nyingi ndio waliokuwa tayari na nafuu. Kisha likaja shamba darasa, lililozaliwa Indonesia mwaka 1989 kwenye mashamba ya mpunga yaliyosumbuliwa na wadudu, ambako wakulima walikaa pamoja msimu mzima wakitazama shamba moja na kubishana juu ya walichokiona.

Na sisi tulikuwa na redio. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao milioni 2, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Nawasihi wanafunzi wangu wazisome habari za kampeni hizo kabla hawajasoma makala yoyote kuhusu ujumbe wa simu. Zilifaulu kwa sababu redio haikuachwa iseme peke yake. Kijijini kulikuwa na kikundi cha kusikiliza, kitabu kidogo chenye picha, na kiongozi wa kikundi aliyefundishwa namna ya kuuliza baada ya kipindi kwisha. Watu walisikia, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba choo siku hiyohiyo au wiki hiyohiyo. Huduma nyingi za simu zilizokuja miaka arobaini baadaye zilichukua sauti tu, zikakiacha kikundi.

Mwaka 2012 kampuni ya Tigo, ambayo siku hizi inaitwa Yas, ilifungua huduma ya Tigo Kilimo kwa msaada wa mradi wa GSMA, muungano wa kampuni za simu duniani. Mkulima alibonyeza nyota na tarakimu kwenye simu yoyote, hata kitochi, akachagua zao, hali ya hewa au bei za soko. Nchini Kenya, Su Kahumbu alikuwa ameshaanzisha iCow mwaka 2011, iliyomkumbusha mfugaji siku za ng'ombe wake: lini apandishwe, lini aache kukamuliwa kabla ya kuzaa. Mwaka 2018 Wizara ya Kilimo ya Kenya na shirika lililoanzishwa na Michael Kremer na wenzake walifungua MoA-INFO ili kupambana na kiwavijeshi vamizi. Farm Radio International imeunganisha redio na simu katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwamo, ili msikilizaji aweze kujibu. Zipo nyingine nyingi. Baadhi zimekufa na mradi wake, na orodha yake haina faida kwako sasa.

Kilicho na faida ni kujua zinatofautianaje. Kuna huduma inayomfuata mkulima kwa ujumbe alioandikiwa, atake asitake. Kuna inayomsubiri aje mwenyewe kubonyeza menyu. Kuna ya sauti, inayomfaa asiyesoma au aliyechoka kusoma, na kuna ile ambayo mkulima anauliza na mtaalamu anamjibu. Kila moja ina gharama yake na adui yake. Menyu, kwa mfano, hukatika katikati: umeshafika hatua ya nne, mtandao unayumba, unarudishwa mwanzo. Mtu hafanyi hivyo mara tatu. Ujumbe wa kuandikwa nao hauzidi herufi 160, na katika herufi hizo mtaalamu anatakiwa aseme zao, kipimo, siku na sababu. Kwa kawaida inayoachwa ni sababu, na sidhani kama kuna kosa kubwa zaidi katika fani hii, kwa kuwa mkulima aliyepewa sababu anaweza kuurekebisha ushauri ulingane na shamba lake, na aliyepewa amri hawezi.

Je, zinasaidia? Hapa nataka twende polepole, maana ndipo wengi wanapodanganyika kwa furaha au kwa kukata tamaa.

Utafiti wa kwanza mkubwa uliotutuliza ulikuwa wa Marcel Fafchamps na Bart Minten, uliochapishwa mwaka 2012. Walichukua vijiji 100 katika jimbo la Maharashtra, India, wakawapa baadhi ya wakulima huduma ya ujumbe wa bei, hali ya hewa na ushauri. Hawakuona tofauti ya maana: si katika bei waliyopata, si katika hasara ya mvua, si katika namna ya kulima. Shawn Cole na Nilesh Fernando walipata picha nyingine katika jimbo la Gujarat, kwa huduma ya sauti ambayo mkulima aliweza kuuliza swali lake na kujibiwa. Huko wakulima waliitumia simu kweli, maswali mengi yakiwa ya wadudu, na wakaanza kuyaacha madawa ya hatari wakachukua yaliyopendekezwa. Ukizilinganisha kazi hizo mbili utaona mahali pa kuanzia kufikiri: kwa nini aliyeuliza alibadilika na aliyetumiwa tu hakubadilika?

Mwaka 2019 Raissa Fabregas, Michael Kremer na Frank Schilbach walikusanya tafiti zilizokuwapo za Afrika na India, wakachapisha matokeo katika jarida la Science. Ushauri kwa njia za kidijitali uliongeza mavuno kwa asilimia 4, na uwiano wa wanaofuata pendekezo la pembejeo dhidi ya wasiofuata ulipanda kwa asilimia 22. Magazeti huipenda hiyo 22. Wewe ipigie hesabu. Tuseme katika wakulima 100 wasiopata ujumbe, 20 wangefuata pendekezo. Uwiano ukipanda kiasi hicho, watakaofuata ni kama 23. Watatu zaidi. Ni wachache, lakini ujumbe ni wa bei ndogo sana, na watatu katika kila mia, ukiwafikia wakulima milioni, ni umati wa kutosha kujaza uwanja wa michezo. Mtu anayekuambia simu imeleta mapinduzi ya kilimo hajaisoma hesabu hiyo, na anayekuambia ni upuuzi naye hajaisoma.

Baadaye Fabregas na wenzake walifanya majaribio sita nchini Kenya na Rwanda, yaliyowahimiza wakulima kwa ujumbe mfupi wanunue chokaa ya kilimo na mbolea. Waliangalia manunuzi yenyewe badala ya kumuuliza mkulima alifanya nini, na hilo pekee linaifanya kazi yao istahili heshima, kwa kuwa mkulima mstaarabu humjibu mgeni anachotaka kusikia. Uwiano ule ukarudi vilevile, asilimia 22. Kurudia ujumbe kulisaidia kidogo. Kuongeza maelezo mengi hakukusaidia, wala kupiga simu juu ya ujumbe. Na athari ilififia kadiri muda ulivyopita.

Nakuomba ushikilie sentensi hiyo ya mwisho, kwa sababu hoja yangu yote imesimama hapo. Chokaa ndiyo mfano mzuri kuliko yote wa kilimo endelevu kwa nyanda zetu za juu kusini. Udongo wa sehemu kubwa ya eneo hili una tindikali, na mbolea za naitrojeni za viwandani, zikitumika miaka mingi peke yake, huizidisha. Udongo ukifika hapo, fosforasi iliyomo kwenye mbolea ya DAP hunaswa na mahindi hayaipati. Mkulima anaona amemwaga hela. Chokaa inafungua mnaso huo. Lakini haifanyi haraka. Inataka ichanganywe na udongo mapema, inataka unyevu, na faida yake husambaa kwenye misimu kadhaa. Pia ni nzito. Mawe ya chokaa hayako mbali, kwani kiwanda cha saruji kilichopo Songwe upande wa Mbeya huyatumia siku zote. Kinachomshinda mkulima ni kuusafirisha mzigo mpaka shambani, na kungoja. Ujumbe wa simu unamfanya anunue mara moja. Mwaka wa pili, ukumbusho usipokuja, au matokeo yakiwa hayajaonekana kwa macho, anaacha.

Sasa linganisha na kiwavijeshi vamizi, aliyeingia Tanzania mwaka 2017. Mdudu yule alifaa simu kikamilifu. Anaonekana, anatisha, anakula leo, na ushauri wake ni wa leo: kagua shamba mara mbili kwa wiki, tafuta mayai chini ya majani, nyunyiza asubuhi au jioni kabla hajajificha ndani ya moyo wa mmea, usinyunyize shamba zima kama ni mashina machache. Mkulima akifuata, ndani ya siku chache anajua kama aliyemshauri ni mtu wa kweli. Ushauri huo una manufaa ya uendelevu ndani yake, maana dawa isiyonyunyizwa ni sumu isiyoingia mtoni.

Basi hapa ndipo ninapokutaka uweke mguu. Simu ni chombo cha siku. Inajua tarehe, inajua wiki, inaweza kusema kesho. Udongo unahesabu kwa miaka. Kuacha mabaki ya mazao shambani, kuchanganya mahindi na jamii ya kunde, kutengeneza makinga maji, kupunguza kulima kwa jembe la kukokotwa, yote haya yanamdai mkulima kazi au hela mwaka huu na yanamlipa mwaka wa tatu au wa nne. Tafiti nyingi za ushauri wa simu hupima msimu mmoja au miwili, fedha ya utafiti ikaisha. Kwa hiyo tunajua vizuri simu inafanya nini kwa mbegu, mbolea na dawa, na tunajua kidogo mno inafanya nini kwa yale ambayo neno endelevu lilitungiwa.

Mpemba inalifanya jambo hili kuwa gumu zaidi, na kwa hiyo kuwa zuri zaidi kwa mtafiti. Chukua mabaki ya mazao. Kitabu cha kilimo hifadhi kinasema yaachwe yafunike udongo. Ujumbe wa simu utasema hivyohivyo, kwa herufi 160. Lakini baada ya mavuno, katika sehemu nyingi za nyanda hizi, mashamba huwa ya ng'ombe wa wote; anayeacha mabua anawalisha ng'ombe wa jirani. Na moto unaowashwa na mmoja wiki za kiangazi haujui mpaka. Mkulima anaweza kuusoma ujumbe, akaukubali, akaweza hata kuuelezea kwa wenzake, na bado shamba lake likawa jeupe mwezi wa Septemba. Kinachohitajika pale ni mkutano wa mtaa na sheria ndogo, na simu inaweza kuuitisha mkutano, haiwezi kuufanya. Ukiona utafiti umeandika kwamba wakulima wana elimu lakini hawatekelezi, uliza kwanza ng'ombe ni wa nani.

Tena usidhani watu wa hapa wanasubiri kufundishwa kwamba udongo hulishwa. Wanyamwanga na Wamambwe, wanaoishi pande zote mbili za mpaka, wana utaratibu wa zamani wa matuta ya majani ambao upande wa Zambia hujulikana kama fundikila. Mvua zinapoelekea ukingoni, nyasi na udongo wake hugeuzwa kwa jembe na kurundikwa kuwa matuta, nyasi zikioza ndani. Hupandwa maharage juu yake, na msimu unaofuata tuta hutawanywa na shamba likapandwa ulezi. Huo ni ushauri wa miaka, uliopita kwa mikono ya kina mama na kina baba bila afisa. Ukosefu wa ardhi, mahindi na mbolea ya mfuko vimeupunguza. Sijaona huduma ya simu iliyoanza kwa kuuliza nani kijijini bado anajua kugeuza matuta hayo, na kwa nini aliyeacha aliacha. Ingekuwa tasnifu nzuri.

Kuna jambo la kuaminiana, na hili nalo mpakani lina sura yake. Simu ya mkulima wa Mpemba hupokea ujumbe wa bahati nasibu, wa mkopo wa haraka, wa tapeli anayemtaka atume hela kwenye namba ile, na katikati yake ujumbe wa kupanda mahindi kwa sentimita 75 kwa 30. Ukikaa karibu zaidi na mpaka, simu inaweza kukamata mtandao wa Zambia bila kuombwa na salio likaondoka. Katika kelele hiyo, ushauri unasomwa kwa jina la anayeutuma. Ndiyo maana tukio la mwaka 2022 linastahili kuchunguzwa kuliko lilivyochunguzwa. Siku ya Nanenane, katika viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa ruzuku ya mbolea, na wakulima wakaandikishwa pamoja na namba zao za simu. Miezi michache kabla, maafisa ugani walikuwa wamekabidhiwa pikipiki, vishikwambi na vifaa vya kupimia udongo jijini Dodoma. Hapo ujumbe wa serikali kwenye simu ya mkulima ulikuwa na thamani ya shilingi anazozijua, na mtu wa kumuuliza alikuwa na usafiri. Sasa uliza: je, namba iliyokuletea ruzuku ikikuambia upime udongo, utaisikiliza kuliko namba nyingine? Nadhani ndiyo, lakini nadhani si jibu la kitaaluma. Na ruzuku yenyewe ni ya mbolea ileile ambayo bila chokaa na samadi huongeza tindikali. Serikali moja, simu moja, mashauri mawili yanayovutana.

Halafu simu ni ya nani? Daftari la usajili kwa kawaida lina jina la baba wa nyumba. Anayepalilia, anayechagua mbegu ya maharage na anayejua pembe ipi ya shamba inatuamisha maji mara nyingi ni mama. Utafiti wa Bjorn Van Campenhout na wenzake kati ya wakulima wa mahindi wa Uganda unafundisha mengi hapa. Walionyesha wanandoa video fupi za kilimo, kisha wakaongeza kwa baadhi yao laini ya simu ya kupigia kupata ushauri na ujumbe wa kukumbusha. Video ilileta mabadiliko. Laini na ujumbe havikuongeza kitu kikubwa juu yake. Kuona mtu kama wewe akifanya kitu kunashinda kuambiwa. Lakini video inataka simu janja na bando, na vyote viwili vinamfikia mwanamke wa Mpemba baada ya wengine, kama vinamfikia.

Nimeshasema mengi ya kukatisha tamaa kwa mtu anayekaribisha wageni. Mvuto wa kazi hii ni kwamba makosa yake yanarekebishika kwa gharama ndogo. Daraja likijengwa vibaya linabaki hivyo. Ujumbe ulioandikwa vibaya unaweza kuandikwa upya kesho na kujaribiwa kwa wakulima 500 upande mmoja na 500 upande mwingine. Hakuna tawi jingine la ugani linalotoa nafasi hiyo. Na wataalamu wako karibu: kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole kinachoshughulika na mahindi na maharage ya nyanda hizi, kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI Mbimba kule Mbozi, na Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo kabla ya Novemba hutoa mwelekeo wa mvua za msimu kwa mikoa kama Songwe inayopata mvua mara moja kwa mwaka, hadi Aprili. Mwelekeo huo, ukigeuzwa kuwa lugha ya mtu anayetaka kujua apande lini, una thamani kuliko jumbe kumi za jumla.

Ukiniuliza uanze na nini, nitakupeleka kwenye duka la pembejeo, si kwenye seva. Keti na muuzaji utazame kwenye daftari lake chokaa iliuzwa mifuko mingapi na tarehe zipi, kisha weka tarehe hizo kando ya siku ambazo ujumbe ulitumwa. Rudi mwaka unaofuata ujumbe ukiwa umekoma, uangalie ni nani kanunua tena. Mfuate huyo mpaka shambani kwake, tena mwaka wa tatu, ukiwa na kipimo cha tindikali. Kazi hiyo haitakupa makala ya haraka, na mfadhili wako atanung'unika. Ukiikubali hata hivyo, sura ya kwanza ya kitabu hiki inafundisha namna ya kuchukua sampuli ya udongo ili kipimo chako cha mwaka wa kwanza kilingane na cha mwaka wa tatu. Tafuta jembe, ndoo safi isiyowahi kubeba mbolea, mifuko na kalamu isiyofutika.